Dawa ya Damu ya Shangazi Phelister

Njiru, Nairobi
Jumapili, 9 Februari 2025

Kwa Shangazi Phelister,

Nakusalimu wewe, nyumba yako, kuku wako, na yule ng'ombe mwenye pembe moja aliyenikimbiza Krismasi. Sisi huku tu wazima. Maji yalikatika wiki mbili, yakarudi Jumatano yakiwa na rangi ya chai, tukayashukuru hivyo hivyo.

Usishangae kupokea barua zama hizi. Simu yako hushinda kwa Javan ikichajiwa, na Javan ana tabia ya kuipokea, kuiweka spika, kisha kuwauliza wateja wake wana maoni gani. Mara ya mwisho nilikueleza habari za jipu langu, na kesho yake kinyozi wa Ugunja akanitumia jina la dawa. Haya ninayotaka kusema leo hayamhusu kinyozi. Dereva wa basi nimempa bahasha nikiwa nimeizungushia selotepu mara tatu.

Binti yako Jacklyne anakusalimu. Mimba yake imefika miezi mitatu, na Oketch mumewe anatembea kifua mbele kana kwamba ni yeye anayeibeba.

Sasa jambo lenyewe. Ni Okinyi, mtoto wao. Mjukuu wako yuko Gredi ya Pili kwa mara ya pili. Anachofundishwa leo, kesho hakipo. Mwalimu akisema toa kitabu, fungua ukurasa wa kumi, andika tarehe, yeye hutoa kitabu, halafu humtazama mwalimu kwa upendo mwingi akingoja kuambiwa tena. Mwalimu mkuu ameshachoka. Anasema mtoto ni mtundu na mvivu, na kwamba tusipoleta karatasi ya daktari inayoeleza ana nini, mwisho wa muhula wa pili atatoka.

Unaijua kazi yangu ya uhudumu wa afya ya jamii, begi mgongoni, ploti hadi ploti. Mwezi jana tulifunzwa pale zahanati yetu kuhusu watoto walioumizwa na pombe wakiwa bado tumboni. Si lazima mama awe mlevi. Anachokunywa kinapita kwenye damu yake na kumfikia mtoto, na ubongo wa mtoto ndio unaoumia. Walipotuonyesha picha, Shangazi, nilisogea karibu nitazame. Macho madogo, mdomo wa juu mwembamba, na hapo chini ya pua ambapo wewe na mimi tuna kijifereji, pamelainika kabisa. Ilikuwa sura ya Okinyi.

Daktari wa watoto huja zahanati kila baada ya miezi michache. Anaweza kumpima na kutuandikia karatasi ya shule. Lakini lazima ajue Jacklyne alikunywa nini akiwa na mimba ile, naye aliilelea kwako tangu mwezi wa pili hadi siku ya kujifungua. Nikimuuliza yeye anasema, "Achana na hiyo story, Celine," kisha anaanza kuosha vyombo vilivyo safi.

Kwa hivyo nakuuliza wewe. Usinikasirikie.

Wako mtiifu,
Celine Awuor

*

Ugunja
Jumapili, 2 Machi 2025

Kwa Celine, binti wa marehemu kaka yangu, anayejua kuandika kuliko kufikiri,

Salamu katika jina la Bwana. Mvua imenyesha, tumepanda. Kuku mmoja amechukuliwa na mwewe mbele ya macho ya Javan, ambaye alikuwa amekuja kuniletea simu, na badala ya kurusha jiwe akapiga picha.

Nimeisoma barua yako nimeketi, nikasimama, nikaketi tena. Unaniuliza kama pombe imeingia katika nyumba yangu. Celine, mimi ni mwenyekiti wa kina mama kanisani mwaka wa kumi na sita huu. Ni mimi niliyemtoa Zedekiah kwenye kwaya, tena besi wa pekee tuliyekuwa naye, kwa sababu alikuja mazoezi akinuka. Alisema ni dawa ya kikohozi. Nikamwambia mwenye kikohozi ni shetani. Tangu siku hiyo tunaimba bila besi, na Mungu hajalalamika.

Pombe ni kitu ambacho watu wanakaa chini wanakunywa wakicheka. Kwangu hakuna aliyewahi kucheka namna hiyo.

Okinyi hana ugonjwa wowote. Amefuata ukoo wa Oketch. Babu yao aliulizwa jina lake mahakamani akaomba muda.

Badala ya kunipeleleza, mtunze mwenzako. Sauti ya Jacklyne kwenye simu ni ya mtu aliyepungukiwa na damu, hata Javan amekubali. Namtumia kwa basi hili mayai thelathini, omena, na chupa nne za ile dawa nyeusi ya damu, ile ile niliyomlea nayo mimba ya Okinyi. Siku hizi inapatikana kwa mlango wa nyuma wa baa ya sokoni tu, na mimi huiendea na mfuko wa joho la kwaya ili watu wasianze maswali. Nimeshaitia yai bichi na maziwa humo humo, kwa hivyo ni kutikisa tu. Chupa moja kila jioni, zikiisha nitatuma nyingine. Atakunja uso, hata wakati ule alikuwa akikunja uso na kulia, lakini dawa ni chungu. Wewe usionje, huna mimba.

Mzigo uchukue stendi ya Muthurwa mwenyewe. Usitume mtu.

Shangazi yako,
Phelister

*

Njiru
Jumapili, 16 Machi 2025

Kwa Shangazi mpendwa,

Mzigo umefika. Yaani sehemu. Mayai ishirini na sita ni mazima, omena ni tamu, na Oketch anakushukuru kwa niaba ya tumbo lake. Nasikitika kwa kuku. Ile picha ya mwewe nimeiona, Javan ameisambaza.

Sasa nikueleze habari za dawa. Siku niliyouchukua mzigo Muthurwa ilikuwa siku ya kliniki ya wajawazito, nami nilikuwa nimechelewa, nikaenda nao moja kwa moja zahanati na kuuweka chini ya benchi. Kumbuka ulitia maziwa na yai humo ndani, na vitu hivyo vikasafiri usiku kucha, vikakaa juani Muthurwa, halafu vikawekwa kwenye chumba chenye wanawake thelathini na dirisha moja. Nesi Kawsar alikuwa katikati ya kumuuliza mama mmoja maswali ya fomu. Alipofika "Je, unatumia pombe?" na yule mama akajibu, "Hapana, mimi nimeokoka," chupa ya kwanza ikalipuka.

Ya pili na ya tatu zikafuata. Povu lilifika kwenye bango la chanjo. Mlinzi alilala chini kifudifudi, na tulimwinua kliniki ilipokwisha.

Nesi Kawsar ni Mwislamu, hajawahi kunusa pombe maishani mwake. Alifikiri ni uji uliooza, akaanza kunipa pole. Lakini foleni nzima ilikuwa imeshajua kwamba ni pombe. Msichana mmoja wa Komarock akasema, "Nani amekam na keroro kliniki?" Mama mtu mzima nyuma yake akafunga macho, akanusa kwa utulivu, akasema, "Hiyo ni bia nyeusi. Na kuna yai ndani." Shangazi, niliomba ardhi ipasuke.

Halafu likatokea jambo ambalo sikulitarajia. Yule mama aliyeokoka akamuuliza nesi kwa sauti ndogo, "Na ile ya kuongeza damu, hiyo pia mnaiita pombe?" Mwingine akamtaja mama yake, akasema, "Wee, hata mimi mathe hunipea, na glukosi." Nesi Kawsar akaweka kalamu chini. Miaka yote anauliza kuhusu pombe, miaka yote wanajibu hapana, na hakuna aliyekuwa anadanganya. Siku hiyo hiyo akaandika swali jipya juu ya fomu kwa mkono wake: "Nyumbani wamekupa nini cha kuongeza damu?" Nusu ya foleni ilibidi iulizwe upya.

Chupa ya nne niliimwaga mwenyewe. Jacklyne hajaonja hata tone safari hii, na hataonja. Nesi amempa vidonge vya damu.

Shangazi, bia ni bia hata ikitiwa yai. Sikulaumu. Zamani hata watu waliosoma walikuwa wakiwapa kina mama ushauri huo. Lakini sasa daktari anahitaji kujua ni kiasi gani na kwa muda gani. Jacklyne kwanza alisema hakunywa kitu. Baada ya ule mlipuko akasema alikunywa, ila alijinunulia mwenyewe, akajiandikisha mlevi mbele ya nesi ili jina lako lisitajwe. Nikimbana kuhusu kipimo hajui, kwa sababu aliyekuwa akipima ni wewe. Nakuomba utuandikie.

Wako,
Celine

*

Ugunja
Jumapili, 11 Mei 2025

Kwa Celine,

Samahani kwa kuchelewa. Nimekuwa na mambo mengi. Mahindi yamefika kiunoni. Paa la kanisa limevuja upande wa kina baba, na hiyo ni haki yao, hawakuchanga. Ng'ombe amezaa ndama mwenye alama nyeupe usoni. Mchungaji alikuja kula Jumapili iliyopita, akala kuku mzima peke yake akimsifu Mungu baada ya kila paja, ingawa mapaja yalikuwa mawili tu. Javan ameweka sola, sasa kelele zake zinafika hata wakati stima imepotea. Mke wa mchungaji amenunua wigi ambalo si la umri wake. Tumbo langu linanguruma nikila maharagwe.

Sina zaidi.

Shangazi yako,
Phelister

Nimekumbuka. Kuna mama mmoja hapa kanisani, simtaji jina, ana swali. Anauliza, kama mtu alitia yai bichi na maziwa, je, maziwa hayawezi kuipunguza nguvu ile dawa? Na kama aliyekunywa hakulewa hata siku moja, alikuwa akilala tu vizuri, je, mtoto naye si alikuwa amelala tu? Ni yeye anayeuliza.

*

Njiru
Jumapili, 25 Mei 2025

Kwa Shangazi mpendwa,

Hongera kwa ndama. Pole kwa maharagwe.

Mpe huyo mama salamu zangu. Mwambie nimelifikisha swali lake kwa Nesi Kawsar, hakucheka. Amejibu kwamba maziwa hayaipunguzi na yai haliiui. Na mtoto hakuwa amelala tu, alikuwa akinywa pamoja na mama, na mwili wake haukuweza kuiondoa haraka kama wa mtu mzima. Mwambie pia hakuna anayetafuta wa kumfunga. Nesi anasema akina mama na nyanya waliofanya hivyo kwa mapenzi ni wengi mno, ila huwa hawaulizwi, na wakiulizwa huwa wana mambo mengi, mahindi na mapaa.

Daktari atakuja Ijumaa tarehe 18 Julai. Baada ya hapo hatarudi hadi muhula wa tatu, na Okinyi atakuwa ameshafukuzwa. Kwa hiyo huyo mama ana wiki saba.

Nikuambie Okinyi alivyo siku hizi, maana hujamwona tangu Krismasi. Juzi Jacklyne alimtuma chumvi na kiberiti duka la jirani. Alirudi na mwenye duka. Kwa kweli, alimshika mkono akamleta hadi mlangoni, kwa sababu alisahau alichotumwa, ila hakusahau ni nani aliyemtuma, akaona ni bora wazungumze wenyewe. Tulicheka hadi machozi. Lakini jioni nilimkuta nyuma ya mlango anajipiga kichwani kwa ngumi akisema, "Kichwa kijinga, kichwa kijinga." Nilipomuuliza nani amemfundisha, akasema ni mwalimu.

Sikumwambia Jacklyne. Nakuambia wewe.

Celine

*

Ugunja
Jumapili, 6 Julai 2025

Kwa Celine, mwanangu,

Sisi ni wazima. Leo sina habari za kuku.

Yale uliyoandika ya nyuma ya mlango niliyasoma mara moja, sikuweza kurudia. Nikachukua kalamu kuandika karatasi ya daktari. Nilijiambia nitaiandika kama mtu anayetoa maelezo ya dawa, bila aibu, kwa sababu dawa haina aibu. Nikaandika: chupa moja kila jioni, siku sita kwa wiki. Kalamu ikasimama hapo.

Siku sita kwa nini, Celine? Dawa yangu ya presha nainywa Jumapili. Dawa ya malaria hunywewa Jumapili. Hii sikumpa mtoto wangu Jumapili hata moja, kwa sababu Jumapili mchungaji huja kula kwangu, na mchungaji ana pua. Na ule mfuko wa joho, nilikuwa namficha nani dawa? Nilikaa na jambo hilo siku tatu. Kwamba inaumiza mtoto sikujua, Mungu ni shahidi yangu. Lakini jina lake nililijua.

Huyo mama wa kanisani ni mimi. Najua ulijua.

Alhamisi nilisimama kwenye mkutano wa kina mama nikasema yote, kuanzia mlango wa nyuma wa baa hadi Jumapili. Nikawaambia, mimi nimemaliza, ni nani mwingine aliyempa binti yake au mke wa mwanawe. Mkono wa kwanza kupanda ulikuwa wa mke wa mchungaji. Baada ya huo ikapanda mingine nikaacha kuhesabu, na kumbe mwenye baa ametujua sote kwa miaka na hakuwahi kumwambia mtu. Huyo ndiye angefaa kuwa katibu wetu. Tumekubaliana wenye mimba watakula mboga za osuga na maharagwe na kumeza vidonge vya kliniki, na atakayepewa kitu cheusi aje anieleze. Nilikwenda pia kwa Zedekiah kumwomba msamaha. Amerudi kwenye kwaya. Bado ananuka, lakini sasa nazungumza naye vizuri.

Karatasi ya daktari iko humu ndani. Nimeandika jina langu lote, na kwamba aliyenunua ni mimi, aliyepima ni mimi, chupa moja kila jioni isipokuwa Jumapili, kwa miezi saba, na kwamba Jacklyne alikuwa akilia na mimi nikamshika kidevu. Afute pale alipojiandikisha mlevi. Akitaka kuisoma, asome. Sitamwomba chochote.

Ninachoogopa ni Okinyi. Siku moja ataniuliza, na sijui nitamjibu nini.

Phelister

*

Njiru
Jumapili, 27 Julai 2025

Kwa Shangazi wangu,

Pokea salamu zetu sote, hata za Oketch, ambaye amepaka kitanda cha mtoto rangi ya bluu bila kuuliza mtu. Jacklyne amekuwa mzito, anatembea akishika ukuta, lakini damu yake imepimwa, iko sawa, na mtoto anapiga mateke.

Ijumaa ile tulifika zahanati saa mbili asubuhi. Daktari alimpima Okinyi kichwa, urefu, na uso kwa rula ndogo ya plastiki. Akampa mafumbo na picha, na Okinyi akampa yeye nusu ya mandazi yake. Kisha akaisoma karatasi yako. Akaisoma tena, akauliza ni nani aliyeiandika, nikasema ni nyanya yake. Alisema watu wengi humletea "labda" na "nadhani", na kwamba yako imemtosha. Ameandika kwamba Okinyi aliumizwa na pombe tumboni. Nesi Kawsar ameomba nakala ya karatasi hiyo, jina likiwa limefutwa, awafundishie wahudumu. Nilikubali kwa niaba yako, utanigombeza ukifika.

Sitakuficha, hakuna dawa ya kulirudisha jambo hili nyuma. Lakini kuna namna ya kuishi nalo. Anapewa jambo moja, akilimaliza ndipo anapewa la pili. Anachorewa picha za mambo ya asubuhi ukutani: mswaki, shati, viatu, begi. Darasani anakaa mbele, na hapigwi. Mwalimu mkuu aliisoma karatasi ya daktari akivuta uso, akasema basi abaki. Mwalimu wake wa darasa alilia. Alimwita Okinyi akamwambia kichwa chake si kijinga, na nafurahi kwamba ni yeye aliyesema, kwa sababu ni yeye aliyeanza.

Jacklyne aliisoma karatasi yako pale pale kwenye benchi la zahanati. Akaikunja, akanirudishia. Wiki nzima hakusema neno juu yako, jema wala baya, nami sikuuliza.

Bahasha yako ilibaki juu ya meza. Jioni ile Okinyi aliiona akauliza, "Hiyo barua ni ya nani?" Nikasema ni ya Dani, nyanya yako. "Amesema nini?" Nikatafuta maneno, nikamwambia, "Amesema kwamba ukisahau si makosa yako." Akafurahi, akaenda nje kucheza. Asubuhi aliiona bahasha akauliza tena, kwa sababu alikuwa amesahau. Nikamjibu tena, akafurahi vile vile. Siku zote hizi anauliza, namjibu, na kila mara uso wake unafunguka kama hajawahi kuambiwa.

Jana aliuliza tukiwa tunapika. Kabla sijafungua mdomo, Jacklyne akasema, akiwa bado anakoroga sufuria, "Imetoka kwa Dani. Amesema si makosa yako." Kisha akanigeukia, akasema nikuandikie uje kabla mtoto hajazaliwa, mwezi ujao, ukae. Anasema tumechoka kukujibia.

Kwa hiyo njoo, Shangazi. Okinyi atakuuliza, na wewe utamjibu, na kesho yake atakuuliza tena.

Wako,
Celine